Kupanda Mahenge, kwenye kifafa na usubi

Ukipanda basi la Mahenge kutokea Morogoro, jitahidi upate kiti cha dirishani upande wa kulia. Pale Mikumi gari linaiacha barabara kuu ya Iringa na kukata kushoto kuelekea Kidatu, na kuanzia hapo safu ya Udzungwa inakusindikiza mkono wa kulia, misitu yake ikishuka hadi jirani na nyumba za watu. Chini ni miwa, kisha mpunga. Mang'ula wachuuzi wanakimbilia madirishani na ndizi mbivu, konda anawafokea, abiria wananunua hivyo hivyo.

Mimi ni mtu wa maabara. Mnyoo wa usubi, ule ugonjwa wa upofu wa mtoni, nilikuwa nikimjua kwa darubini: unachukua kijinyama kidogo sana cha ngozi, unakiloweka kwenye maji ya chumvi, unasubiri, kisha watoto wa mnyoo, wembamba mno, wanaanza kuchomoza wakijinyonganyonga. Nilichokuwa sijawahi kukiona ni mto unaozalisha inzi wanaomleta mnyoo huyo, wala mtoto anayeanguka kifafa kwa ugonjwa ambao vitabu vingi vinauandika kuwa ni wa macho na ngozi. Mahenge, makao makuu ya wilaya ya Ulanga, kuna vyote viwili.

Ifakara nililala. Mji huu umezoea watafiti. Mwaka 1949 Mswisi Rudolf Geigy wa Basel alifika hapa, na kutokana na safari zake ikaanzishwa maabara ndogo iliyokuja kukua na kuwa Taasisi ya Afya ya Ifakara, ambayo leo wataalamu wa malaria duniani kote wanaijua. Bodaboda aliyenibeba kutoka stendi alinieleza vizuri kabisa tofauti ya mbu anayeuma ndani na anayeuma nje. Aliwahi kufanya kibarua cha kukamata mbu usiku, akasema, na kazi ile ilimfundisha kulala kwenye chandarua bila kukumbushwa na mtu.

Asubuhi tukavuka mto Kilombero. Kwa miaka mingi hapa palikuwa na kivuko, na mvua zikizidi mgonjwa wa rufaa alisubiri ng'ambo hadi maji yaruhusu. Sasa kuna Daraja la Magufuli, mita 384, na basi lilivuka huku nusu ya abiria wakiendelea kusinzia. Baada ya Lupiro barabara inaanza kupanda, kona baada ya kona, joto la bondeni linabaki nyuma na watu wanatoa masweta kwenye mabegi. Mahenge iko juu, kuna ukungu, na boma la Wajerumani ambalo wapiganaji wa Maji Maji walilivamia mwezi Agosti 1905.

Kifafa cha huku kina historia ndefu kuliko watu wengi wanavyodhani. Mwishoni mwa miaka ya 1950 daktari kijana kutoka Norway, Louise Aall, ambaye baadaye alijulikana kama Louise Jilek-Aall, alikuja kufanya kazi Tanganyika. Alipofika kwa Wapogoro wa milima hii akakuta wagonjwa wa kifafa wengi kupita kiasi. Wengi walikuwa wamefichwa, na wengi walikuwa na makovu ya moto. Nyumba ilipikia mafiga matatu sakafuni. Mtu akishikwa na kifafa akaangukia jikoni, waliokuwa karibu waliogopa kumgusa, kwa kuwa iliaminika kwamba mate na povu lake linaambukiza. Mtu aliungua watu wakimwangalia. Daktari yule akaanzisha kliniki, akagawa fenobabitoni, dawa ya bei ndogo inayomezwa kila siku, na watu waliokuwa wamekatiwa tamaa wakaanza kurudi mashambani na kanisani. Mwaka 1965 aliandika kuhusu wagonjwa hao. Miongoni mwao alikuwa amewaona watoto walioanza na jambo geni: kichwa kinadondoka mbele, kinainuka, kinadondoka tena. Wenyeji walikuwa tayari na jina lake, kusinzia kichwa.

Miongo ikapita. Ni hadi kaskazini mwa Uganda, katika Kitgum na Pader, na huko Sudan Kusini, watoto walipoanza kuonekana kwa wingi na dalili ile ile ndipo dunia ikashtuka. Mwaka 2012 wataalamu walikutana Kampala kukubaliana vigezo vya kuutambua ugonjwa huo. Kina mama wa Mahenge walikuwa wameuelezea kwa kinywa chao miaka hamsini kabla.

Muuguzi mmoja niliyesoma naye yuko huku, na ndiye aliyenipeleka siku ya kliniki ya kifafa. Benchi lilikuwa limejaa mapema. Baadhi walikuwa wametembea tangu usiku. Niliomba ruhusa ya kukaa na kusikiliza, nikaambiwa nikae pembeni, nisiandike majina.

Aliingia mama na mvulana ambaye ungemkadiria miaka minane, kumbe ana kumi na mitatu. Ugonjwa huu huwadumaza baadhi ya watoto. Uganda walishaandika kuhusu watoto wafupi wa aina hiyo tangu 1950. Mama alieleza bila kuulizwa mara mbili. "Ilianza kwenye uji. Nikimpa bakuli tu, akikaribia kunywa, kichwa kinakwenda chini. Kinarudi. Kinakwenda. Uji unamwagika, nami nampiga nikidhani ana uvivu wa kuamka." Alinyamaza kidogo. "Baadaye akaanza kuanguka kabisa. Shule wakasema abaki nyumbani, wenzake wanaogopa."

Chakula na baridi ndivyo vinavyotajwa mara kwa mara kuwa vinakiamsha kichwa hicho, na mtikisiko wenyewe ni kifafa kamili cha ubongo. Mtoto hasinzii wala hana uvivu. Mvulana alikuwa na kovu kubwa mkono wa kushoto, ngozi imevutika kutoka kiwiko hadi karibu na kifundo, vidole viwili haviwezi kunyooka. Muuguzi akamshika mkono huo huo wakati akiongea na mama yake. Aliushika muda wote, mbele ya watu wote wa benchi. Nadhani alifanya makusudi.

Kisha akahesabu vidonge. Vilivyobaki vilikuwa vingi kuliko inavyopaswa. Mama akakiri kwamba mtoto alipopata nafuu walipunguza, ili vifike mwezi ujao kama kliniki itaishiwa. Muuguzi hakumgombeza. Alimweleza taratibu kwamba ukiikatisha dawa hii ghafla kifafa kinaweza kurudi mfululizo bila kuachia, na hapo ndipo watoto wanapokufa. "Ikiisha njoo hata siku isiyo ya kliniki. Usiikate mwenyewe, dada yangu." Mama akaitikia kwa kichwa, na nikaona amelielewa neno hilo.

Nje, chini ya mti, alikuwepo bibi mmoja aliyemleta mjukuu. Nikamwamkia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nawe umekuja kukata ngozi?"

Nikamwambia hapana, nimekuja kuona tu, ingawa kazi yangu ni maabara.

"Basi unajua," akasema. "Walikuja, wakatukata ngozi, wakatoa damu, mjukuu wangu mwingine wakamchoma uti wa mgongo. Walikuwa watu wa adabu, sina neno nao. Walisema majibu yatakuja. Walipata nini?"

Swali hilo sikulitarajia, na hakuna swali zito kama hilo ambalo nimewahi kuulizwa kuhusu kazi yetu. Nikakaa chini. Nilikuwa nimesoma nilivyoweza kuhusu utafiti wa Mahenge, kwa hiyo nikamweleza, kwa Kiswahili cha kawaida, kidogo kidogo, naye akinikatiza kila alipotaka.

Nilimweleza kwamba mtaalamu wa neva, Andrea Winkler, na wenzake waliwachunguza wagonjwa wa kliniki hii, na mwaka 2008 wakachapisha habari za watoto wanaosinzia kichwa. Kwamba mnyoo wa usubi alionekana kwenye ngozi za wengi wao, lakini maji ya uti wa mgongo yalipopimwa mnyoo hakuonekana humo. Kwamba kwa sababu hiyo watafiti wengine wakaanza kufikiri kuwa huenda mnyoo hauingii ubongo wenyewe. Mwili unapopambana naye unatengeneza askari, na askari hao wanageuka na kushambulia ubongo kwa kuudhania adui. Hilo lilichapishwa mwaka 2017, na bado linabishaniwa. Kwamba mwaka huo huo timu iliyowahusisha watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ilipita nyumba kwa nyumba, na katika vijiji vya ndani ikakuta kifafa kwa zaidi ya watu watatu katika kila mia, ilhali vijiji vya jirani na mji walikuwa wachache zaidi. Kwa kawaida, Shirika la Afya Duniani linakadiria wagonjwa wa kifafa kati ya 4 na 10 katika kila watu elfu moja, yaani hawazidi mmoja katika mia.

"Wachache zaidi mjini," bibi akarudia. "Kwa sababu mjini hakuna mto."

"Ndiyo, bibi. Hivyo ndivyo walivyoandika wao pia, kwa maneno mengi."

Akataka kujua kama ni uchawi au ukoo. Nikasema ugonjwa huu unafuata mto na inzi. Ndugu wa nyumba moja wanaugua pamoja kwa sababu wanaumwa na inzi wale wale. Akauliza kama mate yanaambukiza. Nikasema hapana, na nikamwomba awaambie na wengine. "Nitawaambia," akasema, "lakini wewe na wenzako mngekuja kusema kanisani Jumapili, watu wakiwa wengi." Muuguzi amelichukua wazo hilo, na anazungumza na paroko.

Kesho yake nilishuka na mgawa dawa wa kijiji kimoja upande wa Msogezi. Ni mwanakijiji aliyechaguliwa na wenzake, hana mshahara wa kazi hii. Ndani ya mfuko alikuwa na daftari la kaya na ile fimbo ya kupimia kimo: huku ivermectin, dawa ya usubi, haipimwi kwa mizani, mtu anasimama kando ya fimbo na alama inasema kidonge kimoja, viwili, vitatu au vinne. Asiyefika sentimita 90 hapewi, wala mjamzito.

Akanipeleka mtoni kwanza. Maji yalikuwa yanakimbia juu ya mawe, safi, ya baridi, mahali pazuri ambapo ungependa watoto waogelee. Inzi wa usubi hutaka maji ya namna hiyo, yanayokwenda kasi na yenye hewa nyingi. Alizamisha mkono akavuta jani refu lililokuwa likiburuzwa na mkondo, akaligeuza. Upande wa chini walikuwa wamejipanga viluwiluwi, wadogo kama punje za mchele uliovunjika, kila mmoja ameng'ang'ania jani kwa ncha ya nyuma na kuuacha mwili uyumbe. Tuliposimama pale inzi wenyewe wakatufikia vifundoni, weusi, wadogo, wenye mgongo wa kibyongo. Wanauma mchana, saa ambazo mtu yuko shambani au anachota maji. Chandarua hakimsaidii mtu hapa.

Dawa yenyewe ilianza kugawiwa Mahenge mwaka 1997, bure, kwa kuwa kampuni ya Merck iliahidi mwaka 1987 kuitoa kwa kadiri itakavyohitajika. Waliochangia kuigundua, William Campbell na Satoshi Ōmura, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Kwa nini basi kifafa hakijaisha? Mgawa dawa ananijibu akitembea. Dawa inaua watoto wa mnyoo, mnyoo mzima anabaki ndani ya vinundu chini ya ngozi, na anaweza kuishi miaka kumi au zaidi akizaa. Ukiruka mwaka, umempa nafasi. Tangu 2019 wanagawa mara mbili kwa mwaka. Kaskazini mwa Uganda walifanya hivyo na kuweka dawa mitoni kuua viluwiluwi, na wagonjwa wapya wa kusinzia kichwa wakakoma kuonekana. Nilipomwambia habari hiyo ya Uganda alisimama.

"Kabisa?"

"Wapya, ndiyo."

Alifungua daftari akanionyesha mistari iliyoachwa wazi. Hawa si wakaidi, akasema, ingawa wakaidi nao wapo, waliowashwa na kuvimba mara ya kwanza wakaapa kutomeza tena. Wengi wa mistari hiyo ni familia zinazohamia mashamba ya mbali msimu wa kilimo, zinalala kwenye vibanda huko kwa miezi, na watoto wao. Zoezi la dawa linapofika nyumba imefungwa. Na vibanda vingi viko kando ya mto. Watoto wanaoumwa na inzi kuliko wengine wote ndio ambao fimbo yake haiwafikii.

Alikuwa ameomba zoezi lijalo lipangwe kabla watu hawajahama, na abakiziwe vidonge vya kuwafuata waliokwisha kwenda. Jibu la ombi la kwanza lilikuwa bado. La pili alikuwa amekubaliwa. Tulipoachana alikuwa akimuuliza kijana mmoja wa pikipiki ni kiasi gani atamtoza hadi mashamba ya ng'ambo, kwenda na kurudi, na kama atakubali kusubiri.