Usiondoke kituoni: nilivyojitolea kulinda wapiga kura Ohio

Sheria ya Haki za Kupiga Kura ya Marekani ni ya mwaka 1965. Kifungu chake cha 203, kilichoongezwa mwaka 1975, kinazitaka kaunti zenye raia wengi wasiomudu Kiingereza ziwawekee karatasi za kura na wakalimani wa lugha yao. Sasa, lugha zenyewe zimetajwa kwa makundi manne tu: Kihispania, lugha za Asia, lugha za wenyeji asilia wa Marekani na lugha za wenyeji wa Alaska. Kiswahili hakimo. Kisomali hakimo, wala lugha yoyote ya Afrika. Hata tukijaa kaunti nzima, kifungu hicho hakituhusu.

Nilipolijua hilo ndipo nikaanza kutafuta mahali pa kujitolea. Naishi Ohio, uraia niliupata kwa kuapa, na nimezungukwa na wazee wanaoongea Kiswahili cha Kasulu na Kibondo. Ni Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972, wakaishi Tanzania zaidi ya miaka thelathini, kisha wakaletwa Marekani kuanzia mwaka 2007 hivi. Wengi wao sasa ni raia, na Kiingereza hawakijui. Watu wengine huona hapo kuna ujanja, lakini sheria ya uhamiaji iko wazi: aliyetimiza miaka 55 na kukaa na kadi ya kijani (kibali cha ukaazi wa kudumu) miaka 15 anaruhusiwa kufanya mtihani wa uraia kwa lugha yake. Akishaapa ni raia kamili. Novemba inafika, anakabidhiwa karatasi ya kura yenye majina ya majaji, bodi za shule na mapendekezo ya sheria. Mwaka 2024 Ohio ilikuwa na pendekezo moja kuhusu ugawaji wa majimbo ya uchaguzi ambalo maneno yake yalilalamikiwa mpaka Mahakama ya Juu ya jimbo. Ikiwa mawakili wanagombania maana, bibi wa miaka 74 afanyeje?

Nilijiunga na Election Protection, muungano wa kulinda wapiga kura unaoongozwa na Lawyers' Committee for Civil Rights Under Law, shirika la wanasheria wa haki za kiraia. Wana simu ya bure, 866-OUR-VOTE, ambayo upande wa pili kuna wanasheria na watu waliofunzwa. Ipo namba ya Kihispania, ya lugha za Asia na ya Kiarabu. Ya Kiswahili haipo, kwa hiyo nilijua kabisa kwamba nitakuwa nikipiga mimi na kutafsiri hapo hapo.

Mafunzo yalifanyika kwa video na sehemu kubwa ilikuwa ya makatazo. Usivae nguo ya chama. Usiulize mtu amempigia nani. Usiguse karatasi ya kura. Usigombane na mtu yeyote, hata akikutukana. Ukiona kasoro, andika saa, kituo na maneno yaliyosemwa, halafu piga simu. Wenzangu waliokulia Afrika Mashariki wamezoea mawakala wa vyama kukaa ndani na kuhesabu pamoja na makarani, na walishangaa kusikia kwamba sisi tunabaki nje. Ohio inaruhusu ndani waangalizi walioteuliwa na vyama, wagombea au kamati za mapendekezo. Sisi tusio na upande tunasimama nyuma ya vibendera viwili vidogo vya Marekani, vinavyochomekwa futi 100 kutoka mlangoni. Ndani ya mstari huo kampeni ni marufuku.

Kazi iliyokuwa na faida zaidi, hata hivyo, niliifanya kabla ya siku yenyewe. Nilikuwa napita kwa wazee jioni kuangalia mambo matatu: kama jina limo kwenye daftari, kama kitambulisho kinakubalika, na nani atamsindikiza.

La jina linahitaji jicho. Makaratasi ya ukimbizi yaliandika ubini mbele au nyuma kadiri karani wa siku hiyo alivyoona, na asiyejua tarehe yake ya kuzaliwa alipewa 1 Januari. Utakuta jengo moja lina wazee wawili wenye majina yanayokaribiana, wote wamezaliwa 1 Januari, na wote wamo kwenye daftari la kituo kimoja. Hao niliwaambia wafike na kadi mkononi na waombe anwani isomwe pamoja na namba ya nyumba kabla hawajatia saini. Ukitaka kujadiliana baada ya saini kuwekwa kwenye mstari wa mwenzio, utachoka. Usajili hufungwa siku 30 kabla ya uchaguzi, kwa hiyo marekebisho yote yalibidi yamalizike mwanzoni mwa Oktoba.

La kitambulisho ndilo lililokuwa na mtego. Tangu mwaka 2023 Ohio inadai kitambulisho chenye picha ambacho muda wake haujaisha. Mwaka huo huo jimbo lilianza kuandika kwenye leseni na vitambulisho vya wageni kwamba mwenye kadi si raia. Basi fikiria mtu aliyechukua leseni akiwa bado na kadi ya kijani, akaapa miezi michache baadaye, na leseni ile bado inamruhusu kuendesha. Ni raia, yumo daftarini, lakini mfukoni ana kadi ya serikali inayomkana. Kila niliyemkuta na kadi ya namna hiyo nilimwambia mojawapo ya mawili: abadilishe leseni au aende na pasipoti ya Marekani, ambayo inakubalika kituoni.

Kuna kesi moja hapa ambayo kila raia wa kuapa Ohio angepaswa kuijua. Mwaka 2006 jimbo lilikuwa limetunga sheria kwamba raia wa kuapa akitiliwa shaka kituoni aonyeshe cheti chake cha uraia, ilhali mzaliwa wa Marekani hadaiwi kitu. Jaji wa shirikisho, Christopher Boyko, aliizuia. Mwaka 2024 ofisi ya jimbo ilitoa fomu mpya iliyorudisha dai lile lile kwa mlango wa nyuma, na siku chache kabla ya uchaguzi jaji yule yule akaizuia tena. Nilitembea na muhtasari wa amri hiyo kwenye bahasha. Sikuhitaji kuutoa, lakini wazee walipojua upo walilala usingizi.

Siku ya uchaguzi vituo vilifunguliwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Baridi ilikuwa ya kawaida ya Novemba na sehemu kubwa ya asubuhi haikuwa na la kusimulia: unamwelekeza mtu mlango sahihi, unamwambia mwingine kwamba kituo chake ni shule ya mtaa wa pili. Mzee mmoja alitoka akiuliza kwa nini hawakumpaka wino kidoleni, akahofia kura yake haijahesabika. Mwingine miguu ilikuwa imemkataa kabisa kushuka garini. Ohio inaruhusu mtu wa hali hiyo apigie kura kwenye gari, na wasimamizi wawili wa vyama tofauti ndio wanaomletea karatasi. Mwanawe alikuwa hajui. Nilimtuma ndani akaombe, na wakatoka nayo bila neno.

Kisha alitoka bibi mmoja na mjukuu wake wa kiume, wanaelekea kwenye gari.

"Shikamoo bibi. Umeshapiga?"

"Marahaba mwanangu. Wamesema mjukuu haruhusiwi kuingia na mimi. Si neno, tutakuja siku nyingine."

Siku nyingine haikuwepo. Na hilo la "si neno" ndilo nililokuwa nikiliogopa tangu mwanzo. Wazee wetu wamelelewa wasibishane na mtu wa serikali mwenye kalamu mkononi. Kambini, ukibishana na mwenye kalamu jina lako linarukwa. Ukimwambia mzee wa namna hiyo "haiwezekani," atakushukuru na kuondoka, na kwenye kumbukumbu za kituo hataonekana kama mtu aliyezuiwa. Ataonekana kama mtu ambaye hakuja.

Kifungu kinachomlinda ni cha 208 cha ile ile Sheria ya Haki za Kupiga Kura, kilichoongezwa mwaka 1982. Mpiga kura asiyeona, mwenye ulemavu, au asiyeweza kusoma au kuandika anaruhusiwa kusaidiwa na mtu anayemchagua mwenyewe, isipokuwa mwajiri wake au wakala wa mwajiri, au kiongozi au wakala wa chama chake cha wafanyakazi. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliamua kesi ya Texas ya mama mzungumzaji wa Kibengali aliyekataliwa kusaidiwa na mwanawe kwa sababu mwana alikuwa amesajiliwa kaunti nyingine. Mahakama ilisema sheria ya jimbo iliyoweka sharti hilo inagongana na kifungu cha 208.

Nilimwomba bibi akae garini apate joto, nikapiga simu. Mwanasheria aliuliza mambo machache: kituo gani, aliyesema ni nani, alisema maneno gani hasa. Mjukuu alikumbuka kila neno. Mwanasheria akapiga bodi ya uchaguzi ya kaunti, bodi ikampigia msimamizi wa kituo. Wakati tunasubiri nilimweleza bibi kwamba hatugombani na mtu, tunangoja wakumbushane kanuni zao. Hilo lilimtuliza zaidi ya habari za mahakama. Haikupita nusu saa msimamizi akatoka mwenyewe, akawaita wote wawili, akaomba radhi. Waliingia.

Watu huniuliza kama ule ulikuwa ubaguzi au karani hakujua kanuni. Mimi sisomi mioyo. Ninachojua ni kwamba asubuhi ile ile niliona mzee wa Kizungu akiingia ameshikwa mkono na binti yake, na wote wawili wakatoka wamebandika stika ya "nimepiga kura." Huenda ndani walitenganishwa, sikuona. Niliyaandika yote mawili kwenye fomu, saa kwa saa. Fomu kama hizo zikikusanywa kutoka vituo vingi ndipo mwanasheria anaweza kuonyesha mwelekeo, na mwelekeo ndio unaofika mahakamani.

Mchana alikuja dereva wa lori na ile leseni ya mtego. Alikuwa ameambiwa habari ya pasipoti, ila ameisahau nyumbani. Ndani walitaka kumpa kura ya muda, ile ambayo sheria ya shirikisho ya mwaka 2002 inataka apewe mtu ambaye sifa zake zina utata. Wengi wanaidharau wakidhani inatupwa. Haitupwi, lakini ina kazi ya ziada, na kama ni suala la kitambulisho Ohio inakupa siku nne baada ya uchaguzi kukipeleka bodi ya kaunti. Ushauri wangu: ukiwa na muda wa kufuata karatasi inayokosekana, ifuate urudi upige kura ya kawaida. Ukikubali kura ya muda, chukua karatasi ya maelekezo na usilale mpaka umekamilisha. Yeye alikuwa anaanza safari ya Georgia jioni ile, kurudi kwake hakuna uhakika, kwa hiyo nilimshauri apitie nyumbani kwanza. Alinung'unika, akaenda, akarudi na pasipoti.

Jioni ndiyo inayochosha. Vituo hufungwa saa moja na nusu usiku, na wafanyakazi wa maghala hutoka zamu karibu na saa hiyo. Kanuni ni kwamba aliyekuwa kwenye foleni muda wa kufunga ukifika lazima apige kura, hata ikichukua saa mbili. Nilikaa mkiani mwa foleni nikiwarudishia watu maneno hayo kwa Kiswahili, kwa sababu palikuwa na mtu akipitapita na kusema wamechelewa. Sikumjibu. Niliandika saa, nikaendelea na foleni yangu. Aliyekuwa wa mwisho aliingia.

Sasa nimejaza maombi ya kuwa karani wa kituo. Ni kazi ya malipo kidogo na siku ndefu, na Ohio inataka makarani wa chama kimoja wasizidi nusu. Mpiga kura akiomba msaada kutoka kwa watumishi wa kituo, husaidiwa na wawili wa vyama tofauti. Nikipangwa ndani, mmoja wao atakuwa anajua Kiswahili, na kule nje kwenye vibendera tayari nimempata wa kunipokea: yule mjukuu.