Daftari lenye majina ya mbwa

Jumamosi, usiku

Mbwa wangu Kito amelala miguuni pangu, makucha yake bado yana vumbi la uwanjani. Leo amepita katikati ya watoto 14 bila kunguruma hata mara moja, na kamba yake ilikuwa imelegea mkononi mwangu muda wote. Naanza na hilo kwa sababu miaka miwili iliyopita nisingethubutu kumpitisha njia yenye mtoto mmoja.

Nilimchukua akiwa na miezi saba, na miezi hiyo karibu yote alikuwa amefungwa mnyororo. Siku ya kwanza Mwalimu, anayefundisha mbwa wa mtaa wetu, hakumgusa. Alikaa chini akampa mgongo, akawa anarusha vipande vya chakula nyuma yake bila kugeuka. Saa nzima ikaisha hivyo, nami nikarudi nyumbani nikijiuliza nimelipia kitu gani. Baadaye akanieleza kuwa mtoto wa mbwa huizoea dunia kwa wepesi kuliko wakati mwingine wowote kati ya wiki ya 3 na ya 14 tangu kuzaliwa. Watu, kelele, baiskeli, miavuli, mbwa wenzake, vyote anatakiwa avione wakati huo na vimwachie kumbukumbu njema. Kito wiki hizo zote aliona ukuta. "Hatujachelewa kabisa, mwanangu," akaniambia, "ila mlango umebaki mwembamba, na yeye ndiye ataamua apite lini." Miezi minne ilipita kabla Kito hajala kitu kutoka mkononi mwa mgeni. Siku alipokula nililia pale pale uwanjani, na Mwalimu akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

Kwa hiyo wiki tatu zilizopita, nilipomkuta peke yake anakunja mahandaki ya kitambaa na kupanga vizuizi vya mbao ukutani, katikati ya siku, saa ambayo zamani uwanja ulikuwa umejaa, nilijua kabla hajafungua mdomo.

"Shikamoo, Mwalimu. Leo hakuna darasa?"

"Marahaba. Darasa lipo. Wanafunzi ndio hawapo."

Mwisho wa mwezi huu angerudisha uwanja kwa mwenyewe. Alilisema hilo kwa sauti ile ile anayoitumia kumwambia mtu amshike mbwa wake vizuri. Hakuna aliyekuwa anajua. Amefundisha mbwa wa mtaa huu miaka yote hii, na jambo hili alikuwa amelibeba peke yake tangu mwanzo wa mwaka.

Sasa nije kwenye kosa langu, maana bado linaniuma. Usiku ule ule niliwaandikia majirani wote ninaowafahamu. Nikaeleza kuwa Mwalimu amekwama, kwamba anafunga, tuchange. Moyo ulikuwa unanienda mbio na nilikuwa na hakika natenda jema. Michango ikaanza kuingia kabla sijalala. Asubuhi jirani mmoja alikutana naye njiani, akampa pole na kumwambia asijali, watu wanamchangia. Mwalimu alinipigia simu. Hakupandisha sauti.

"Mwanangu, kabla ya kunitangaza ungeniuliza."

Sikuwa na la kujibu. Mimi ndiye ninayejua jinsi anavyomsogelea mbwa mwoga: anasimama ubavu, anasubiri, anamwacha aje mwenyewe. Mbwa nilijifunza kumpa nafasi hiyo. Yeye sikumpa. Siku ile nilirudisha kila mchango kwa aliyeutoa, mmoja baada ya mwingine, nikieleza kwamba nilifanya haraka. Wengine walikataa kurudishiwa na ikabidi niwabembeleze. Kisha nikaenda kwake, nikaomba radhi, nikamuuliza swali ambalo lilipaswa kuwa la kwanza: unataka tukusaidie, na kama unataka, kwa namna gani?

Alinyamaza muda mrefu. Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini anayeficha naye ana sababu zake, na za Mwalimu nilizielewa nilipomsikiliza. Hakutaka kuwa mtu wa kuhurumiwa mbele ya watu aliowafundisha kushika kamba. "Nataka kazi," akasema. Halafu akaingia ndani akaleta daftari.

Ni daftari la kawaida la shule, na ndani yake hakuna jina la mtu hata mmoja. Kuna majina ya mbwa. Mbele ya kila jina kuna idadi ya masomo, yaliyolipwa na yasiyolipwa. Nilipofungua ukurasa wa tatu nikakuta: Kito, 3. Masomo matatu ya mwaka jana, wakati nilipokuwa nimekwama mimi, ambayo alinifundisha akisema nitalipa nikipata. Nilipata, na nikasahau. Mstari mmoja juu ya Kito kulikuwa na mbwa mwingine mwenye 5, na chini yake mwingine mwenye 2. Ukurasa baada ya ukurasa. Nilikuwa nimeuomba mtaa umpe Mwalimu sadaka wakati mtaa ulikuwa na deni lake, na mimi nikiwa mmoja wa wadaiwa.

Nililipa pale pale. Hakutaka niwataje wengine, na wala singewajua, maana majina ni ya mbwa. Ila alikubali niwaambie watu kwamba daftari lipo na kwamba mwenye mbwa anajua hesabu yake. Wiki ile walikuja saba, kila mtu kwa wakati wake. Mama mmoja alilipia mbwa aliyekwisha kufa.

Tulikaa naye jioni mbili tukihesabu. Aliipima kodi ya uwanja kwa mbwa: ili ilipwe, anahitaji mbwa 11 wanaokuja kila wiki. Alikuwa nao wanne. Na tulipotafuta walikokwenda wengine, hakukuwa na adui wa kulaumiwa. Hii ni biashara ambayo kazi ikifanywa vizuri mteja haonekani tena. Mbwa akishajua kukaa, kusubiri, kuja akiitwa na kutembea bila kuvuta kamba, mwenyewe anashukuru na kutokomea. Wapya nao hujaribu kwanza video za bure kwenye intaneti, na wanafika kwa Mwalimu baada ya mbwa kumuuma mtu, wakati kazi ya wiki sita imekwisha kuwa ya miezi sita. Juu ya hayo kuna kazi nono aliyoikataa: kampuni moja ilitaka awafanye mbwa wake wa ulinzi kuwa wakali kwa kuwapiga. Alikataa, na akamwambia aliyetumwa kwamba mbwa anayepigwa akanyamaza siku moja atauma bila kunguruma kwanza, kwa kuwa kunguruma ndiko kulikomletea fimbo.

Hapo lazima niseme kidogo kuhusu fimbo, kwa sababu hata majirani wema niliozungumza nao walirudia maneno yale yale: mbwa lazima ajue bwana ni nani. Mwalimu huwa anasimulia hivi. Mwaka 1947 mtafiti Rudolf Schenkel alichapisha alichokiona kwa mbwamwitu waliofungiwa pamoja, wakigombania ukubwa. Kutoka huko watu wakajenga imani kwamba kila mbwa anapigania utawala nyumbani. David Mech, mtafiti wa mbwamwitu wa Marekani, alisaidia kuieneza imani hiyo kwenye kitabu chake cha mwaka 1970. Lakini baada ya kuwafuatilia mbwamwitu porini kwa miaka mingi, mwaka 1999 akaandika kwamba kundi lao la kawaida ni familia tu: baba, mama na watoto wao. Hakuna mfalme aliyepindua mfalme. Mzazi anaongoza kwa kuwa ni mzazi. Namheshimu sana mtu anayejisahihisha mbele ya dunia namna hiyo, na nadhani Mwalimu anampenda kwa sababu hiyo hiyo.

Wazo langu la kwanza la maana, nililodhani, lilikuwa watu walipie masomo kumi mapema. Mwalimu alitikisa kichwa. Fedha hiyo ingeliwa na kodi ya mwezi huu, na miezi miwili ijayo angekuwa anafundisha uwanja mzima bila kuingiza chochote. Anayelipia mapema amekukopesha, hajakuchangia. Nilikuwa sijawahi kulitazama hivyo. Tukakubaliana watu walipie mwezi mmoja tu mbele, basi. Na badala ya kuwatafuta wapya peke yao, tuwarudishe wa zamani. Akaanzisha darasa la marudio siku za Alhamisi, kwa mbwa waliohitimu na sasa wamesahau nusu ya walichojifunza, pamoja na wenyewe wao, ambao wamesahau zaidi. Kwa mara ya kwanza mbwa aliyemaliza masomo ana sababu ya kurudi.

Daktari wa mifugo wa karibu naye alikubali jambo dogo lenye uzito mkubwa: kila mtoto wa mbwa anayekuja kwa chanjo, mwenyewe anaambiwa kuna darasa la wadogo, asisubiri hadi mbwa afikishe miezi sita. Mwalimu kwa upande wake hapokei mbwa yeyote asiye na cheti cha chanjo, na hilo hajalilegeza hata sasa anapohitaji kila mbwa anayempata.

Ila kitu kilichonibadilisha mimi ni somo la kuwafundisha watoto wa mtaa jinsi ya kukaa salama mbele ya mbwa. Nilikuwa nikimtetea Mwalimu kana kwamba ni mtu wa wenye mbwa peke yao. Jirani mmoja asiyefuga chochote ndiye aliyeniuliza bila kuficha: "Mimi inanihusu nini?" Swali la haki kabisa. Nilikwenda nalo kwa Mwalimu, naye akanijibu kwa kunihesabia. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, hadi asilimia 99 ya visa vya kichaa cha mbwa kwa binadamu vinatokana na mbwa, na asilimia 40 ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa nacho ni watoto walio chini ya miaka 15. Dalili zikishajitokeza, karibu hakuna anayepona. Asiyefuga mbwa ana mtoto anayepita mbele ya lango la anayefuga. Jirani yule alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza somo hilo litafanyika lini. Familia 9 zisizo na mbwa zimelilipia, na yake ni ya kwanza kuandikishwa.

Ndilo lililofanyika leo. Watoto 14, mbwa watatu waliotulia, Kito akiwa mmoja wao. Mwalimu aliwafundisha kusimama kama mti: miguu pamoja, mikono imekunjwa kifuani, macho chini. Usikimbie, kwa sababu anayekimbia anafukuzwa. Usimkodolee macho. Usimguse anayekula, anayelala au mwenye watoto. Mkia unaotikisika haumaanishi furaha kila mara. Tazama mwili mzima, na ukiuona umekakamaa, simama pale ulipo. Na ukiumwa, hata kidogo, hata na mbwa unayemjua, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, umwambie mtu mzima, uende hospitali siku hiyo hiyo. Aliwafanya warudie hilo la mwisho mara tano. Kulikuwa na mvulana aliyekuja amemng'ang'ania dada yake, hataki hata kutazama. Alisimama kama mti karibu na mlango, mbali na wenzake. Kito alimnusa kiatu, akapita. Mvulana akabaki mti dakika nzima baada ya Kito kuondoka.

Seremala wa mtaa wa pili ametengeneza vizuizi viwili vilivyovunjika, na malipo yake ni masomo ya mbwa wake, mpango ambao Mwalimu aliupendekeza mwenyewe. Mwenye uwanja amekubali asubuhi za siku za kazi utumiwe na mtu mwingine na kodi igawanywe, lakini hilo litaanza mwezi ujao, na mwezi huu unalipwa wote. Kuna waliotuambia watakuja na hawakuja. Siwalaumu, kila nyumba ina yake.

Jioni tulifungua daftari tena. Mbwa wa kila wiki sasa ni tisa. Mwalimu aliandika namba, akaitazama, akafunga. "Bado wawili," akasema. Zimebaki siku 10.

Nyumba ya kona kuna mbwa nyuma ya lango jeusi anayebweka usiku kucha. Hata sasa namsikia, na sikio la Kito linamfuata akiwa usingizini. Nimewahi kumlalamikia mbwa huyo kwa watu wengi, na mwenyewe sijawahi hata kumsalimu. Kesho saa kumi nitabisha hodi pale. Sitaanza na habari za Mwalimu. Nitamuuliza kwanza mbwa wake anaitwa nani.