Pampu ya ngama isiyozimika: jinsi nilivyoikata umeme

Nilitaka kukata nyaya za pampu ya ngama, ile inayotoa maji yanayojikusanya chini ndani ya boti. Swichi kuu ya betri nimeshaizima, lakini kila nikiinua boya, yaani swichi inayoelea na kuwasha pampu maji yakipanda, pampu inanguruma. Nikazima na swichi ya dashibodi, wapi! Hiyo inahusu waya wa kuwasha kwa mkono tu.

Waya wa boya hauipitii swichi kuu. Unatoka moja kwa moja kwenye betri, ili pampu ifanye kazi hata boti ikiwa haina mtu. Nikaufuata kwa vidole: fyuzi yake ilikuwa karibu na kichwa cha chanya cha betri, imezungushiwa tepu nyeusi, huioni. Nikakumba maji kwa ndoo kwanza, kwa sababu boti ilikuwa inaelea na bila fyuzi pampu isingeyatoa yenyewe, nikachomoa fyuzi, nikaitia mfukoni. Mita ya umeme, iliyokuwa inasoma volti 12 kwenye waya huo, ikasoma 0. Nikainua boya tena: kimya. Ndipo nikakata nyaya.