Nilivyokuwa Farumi Weymouth

Mdomo uliponza kichwa. Pale kazini Southampton, Uingereza, nilikuwa nimejisifu mara nyingi mno kwamba nimekulia kwenye mashindano ya mashua Lamu. Kwa hiyo mwenzangu mmoja anayeshindana mbio za boti za mashine alipomkosa mtu wake wa kukaa mbele, bega limeteguka na mbio ni Jumapili, simu ilinijia mimi. Nikakubali kabla hajamaliza kueleza.

Yeye alitangulia Jumamosi kwenda Weymouth, mji wa pwani kulikokuwa na mbio, boti ikivutwa nyuma ya gari. Mimi nikapanda treni ya asubuhi, safari ya kama saa moja u nusu. Ikitoka Southampton treni hupita karibu na gati, na kwenye maji ya mji huo ndiko mbio za boti za mashine zilikofanyika katika Olimpiki ya 1908, mara ya kwanza na ya mwisho. Bahari ilichafuka, na katika kila moja ya mbio 3 ikamaliza boti moja tu. Thomas Thornycroft na wenziwe wawili walijipatia dhahabu 2 kwa mtindo huo. Habari nzuri ya kukumbuka ukiwa njiani kwenda kupanda chombo usichokijua! Baada ya Poole reli inakatiza kwenye maji yaliyotulia, bata wamejaa, nami nikajiambia huenda na Weymouth ni hivi hivi.

Haikuwa hivyo. Upepo ulikuwa wa mashariki, na ghuba ya Weymouth imeelekea huko huko.

Boti yenyewe huitwa Thundercat, mtindo uliotoka Afrika Kusini. Usifikirie zile boti za matajiri. Ni mipira miwili mirefu iliyojazwa upepo, katikati sakafu, urefu wa kama mita 4, na tezi, yaani nyuma, imefungwa mashine ya nguvu za farasi 50. Kiti hakuna, usukani hakuna. Nahodha hupiga magoti nyuma akaishika mashine kwa mkono wake, na mwenzake hupiga magoti mbele akashika kamba. Bahari ikitulia inakaribia kilomita 80 kwa saa.

“Kazi yako ni uzito,” mwenzangu akaniambia.

Nikacheka. Kumbe nimeitwa kuwa farumi, ule mzigo wa kutuliza chombo. Kazi hiyo naijua. Kwetu ukiwa kijana hupewi demani, kamba ya tanga, wala usukani, unapelekwa kwenye mtengo, ule ubao unaotokeza nje ya mashua, ukakae goshini, upande upepo unakotoka, chombo kisilale.

Akajifunga mguuni kamba ya kuzimia mashine. Nikauliza: na mimi nikianguka?

“Ukianguka nitageuka nije kukuokota.”

Kwenye mazoezi, kona hazikunishinda. Boti ikikata boya, mpira wa ndani, wa upande wa boya, huinuka, nawe unajitupa juu yake mpaka sikio linakaribia maji. Nenda kunakoinuka, ni mtengo ule ule, ila hapa una nusu sekunde. Mwenye boti akaniinulia kidole gumba. Nikavimba kichwa.

Kilichoniumbua ni mawimbi. Tukipeleka tanga na upepo uko nyuma, watu hukimbilia tezi ili omo, yaani mbele, isizame, na mwili wangu umelishika somo hilo tangu utotoni. Kwenye Thundercat ukirudi nyuma umekwisha. Boti ikiruka kutoka mgongoni mwa wimbi, upepo huingia chini ya sakafu, na kama mbele hakuna mzigo inapinduka chali, mashine juu yenu. Inabidi ujirushe mbele wakati macho yanaiona pua ikipanda kuelekea mawinguni. Wimbi la tatu nikarudi nyuma. Pua ikapanda, ikapanda, nikaona anga tupu na vidole vyangu kwenye kamba, na nyuma yangu nikasikia tusi. Akaachia mafuta. Tukaanguka kwa tumbo, puu, meno yakagongana.

Hakunifokea. Alisema tu, “Mbele. Kila mara, mbele.”

Mbio zilianza kwa boti kwenda sambamba na boti ya mwamuzi, bendera ya manjano juu, kisha kijani. Baada ya hapo sikuona kitu. Maji ya chumvi ya nyuzijoto 16 yanakupiga usoni kama changarawe, petroli inanuka, na boya unaliona likiwa limeshafika. Mzunguko wa kwanza nilihesabu mawimbi. Wa pili nikaacha kuhesabu, nikawa namsikiliza nahodha akiongeza na kupunguza mafuta, maana mlio wa mashine ndio unaokuambia boti itaruka lini. Hakuna aliyenifundisha hilo, na hadi leo naona ndilo jambo la maana nililolipata siku ile. Tukamaliza wa pili kutoka mwisho. Aliyekuwa nyuma yetu mashine yake ilikuwa inakohoa.

Kwenye treni ya kurudi vidole vilikataa kukunjuka. Kikombe cha chai nilikishika kwa viganja viwili kama mtoto. Mama akapiga simu kutoka Lamu, nikamsimulia yote.

“Na mkishinda mwapewa nini?”

“Kikombe, mama.”

“Cha dhahabu?”

“Cha bati.”

Akanyamaza kidogo. “Na petroli yanunua nani?”

“Sisi wenyewe.”

Nikamsikia akigeuka kumwambia mtu mwingine mle chumbani, bila kuondoa simu mdomoni: “Asema wajilipia.” Wakaangua kicheko, na mbio zinazofuata zilikuwa zimebaki wiki 3.