Siku moja maishani mwangu: nachora ghorofa, namfikiria fundi

Saa kumi na mbili asubuhi nipo kwenye pantoni natoka Kigamboni kwenda mjini, upepo wa bahari unapiga kweli. Huu upepo umebeba chumvi, na ndo unaokula vyuma vya maghorofa ya Kivukoni na Posta.

Saa mbili niko juu ya paa la jengo moja la ofisi, maana tunachora jengo jipya karibu na hapo na nataka nione kwanza hili la zamani linaugua nini. Shikamoo mzee, marahaba mwanangu, msimamizi wa matengenezo akanipeleka moja kwa moja kwenye mashine za AC. Vile vipande vyembamba vya aluminiamu upande unaotazama bahari vimekuwa unga mweupe, ukipitisha kidole vinapukutika, halafu upande wa pili wa mashine hiyohiyo viko vizima kabisa! Na koki ya maji huko paani hakuna, vijana wanapandisha ndoo kwa ngazi ya chuma iliyoota kutu, sasa nani ataosha chumvi kila mara kwa mtindo huo.

Saa nne tukashuka kuona geti vavu, yaani koki ya kufungia maji ya bomba, iliyofichwa juu ya silingi ya jipsamu, katikati ya chumba cha mikutano. Ikivuja watu wanahamishwa, jipsamu inakatwa, vumbi kila kona, inazibwa, inapakwa rangi, mpaka ivuje tena. Hii inaniuma sana kwa sababu kilichokosekana ni kijimlango tu cha kuifikia.

Saa sita kikao na mwenye jengo na mkadiriaji majenzi. Tukavutana kuhusu nanga za paani ambazo vijana wanaosafisha vioo wanafungia kamba, mi nataka stenlesi (chuma kisichoshika kutu kirahisi) ya daraja la 316, siyo 304, kwa sababu 316 imechanganywa na metali ya molibdenamu na inastahimili chumvi vizuri zaidi. Mkadiriaji anaangalia bei, mi namuangalia mtoto wa mtu ananing'inia ghorofa ya 20. Ikapita 316, nikashusha pumzi.

Wali samaki kwa mama ntilie, chapchap.

Saa nane mpaka jioni ni kuchora tu. Dar ipo karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, jua la mchana linapita karibu na utosi, kwa hiyo kaskazini na kusini kibaraza kifupi kinachotokeza ukutani kinatosha kutia kivuli, kazi iko mashariki na magharibi ambako jua linaingia chinichini, huko nimepanga ngazi, lifti, vyoo na dakti, yaani kile chumba chembamba cha kupitishia mabomba. Hicho kibaraza nimekipa upana wa mtu kusimama na ndoo yake, kimeinama kidogo maji ya masika yasituame, na kina sehemu ya kufungia mkanda wa usalama, yaani kioo kinaoshwa bila kusubiri gondola, kile kikapu cha kuning'inia nje ya jengo. Vioo vyenyewe nimevipunguza ukubwa viingie kwenye lifti ya mizigo, kimoja kikivunjika huko juu hakuna kukodi kreni.

Saa kumi na moja namtumia yule mzee wa matengenezo mchoro wa dakti kwa WhatsApp, akanijibu kwa sauti: "Mwanangu, mlango ufungukie nje, na hiyo pampu igeuze, nati zimtazame fundi, zisitazame ukuta." Nikaigeuza, dakti ikaongezeka sentimita 30. Mkadiriaji ataziulizia kesho asubuhi na mi sizipunguzi.