Nilivyoifanya dunia itulie tena

Nyoosha mkono mmoja mbele yako, tazama mistari ya kiganja, kisha upunge mkono huo haraka kulia na kushoto. Mistari inapotea. Sasa tuliza mkono, utikise kichwa kwa kasi ileile huku macho yakibaki kwenye kiganja. Mistari inaonekana, unaweza hata kuihesabu. Mkono ukipungwa, macho hulazimika kuukimbiza, na kazi hiyo hayaiwezi sana. Kichwa kikitikiswa, sikio la ndani huyapasha macho habari, nayo hugeukia upande wa pili kwa kasi sawa, ndani ya milisekunde 10 hivi. Ndiyo maana mtu hukimbia au kushuka ngazi bila kuona nyumba zikirukaruka. Wengi huzeeka bila kujua kwamba hapo kuna kazi inafanyika. Mimi nilijua siku ilipokwama upande wa kulia.

Niliamka chumba kinazunguka. Nikafumba macho, kikaendelea kuzunguka, na hilo lilinitisha kuliko kutapika kulikofuata. Hospitalini daktari alianza na mambo ambayo niliona hayahusiani na kizunguzungu: niongee, ninyanyue mikono yote miwili, niguse pua yangu kisha kidole chake, niseme kama kitu kimoja nakiona viwili. Alikuwa anatafuta kiharusi, kwa sababu kiharusi cha nyuma ya ubongo huweza kuja kwa sura hiyohiyo. Nalitaja mapema asije mtu akasoma habari zangu akaanza kujitibu nyumbani. Kizunguzungu cha ghafla kinachokunyima kusimama ni cha kupelekwa hospitali siku hiyohiyo. Kwangu ilionekana ni uvimbe wa neva ya mizani, ile inayopeleka habari za sikio la ndani ubongoni, ugonjwa ambao mara nyingi hudhaniwa kuletwa na virusi.

Kila sikio la ndani lina mirija mitatu iliyopinda nusu duara, imejaa majimaji, na kila mmoja umeelekea upande wake. Neva inayotoka humo hainyamazi hata ukiwa umelala. Kulia na kushoto zote hupeleka ishara mfululizo, na ubongo huzilinganisha. Ni kama timu mbili zinazovuta kamba kwa nguvu sawa: kamba imesimama, lakini hakuna aliyepumzika. Ukigeuka kushoto, ishara za kushoto huongezeka na za kulia hupungua. Sasa timu ya kulia imeiachia kamba ghafla. Ubongo unapokea ishara za kushoto peke yake, na kwa uzoefu wake wote wa maisha, tofauti ya namna hiyo ina maana moja tu: kichwa kinageuka kushoto, tena kwa kasi. Basi unayasukuma macho kulia ili kufidia, macho yanafika mwisho, yanarudishwa kwa mruko, yanasukumwa tena. Ndugu zangu waliona macho yangu yakichezacheza. Mimi niliona chumba kikizunguka.

Nililifikiria sana jambo hili nikiwa kitandani, kwa kuwa kingine cha kufanya hakikuwepo. Ubongo wangu ulikuwa mzima. Ulisoma taarifa iliyoufikia na kutoa hukumu iliyo sahihi kwa ushahidi uliokuwepo, na hukumu hiyo ndiyo niliyoiona kwa macho, si kama wazo bali kama ukuta unaosogea. Ikiwa hivyo ndivyo, basi hata ukuta uliotulia ambao nimeuona maisha yangu yote ulikuwa hukumu tu, isipokuwa ushahidi wake ulikuwa mzuri zaidi. Sikupata faraja hapo, ila nilipata namna ya kuelewa matibabu yaliyofuata, ambayo kwa mtu asiyeelewa yanaweza kuonekana ni mateso ya makusudi.

Siku za mwanzo nilipewa dawa za kutuliza kichefuchefu na kizunguzungu. Zilisaidia, halafu daktari akazikatisha nikiwa bado nazitaka. Alieleza kwamba zinaupooza ubongo wakati ambapo unatakiwa kushtuka na kujirekebisha. Ukizimeza kwa muda mrefu unachelewesha kupona. Akanipeleka kwa mtaalamu wa fiziotherapia, mama mmoja mtu mzima, mpole wa sauti na mgumu wa msimamo.

Zoezi lake kuu lilikuwa la kuchekesha kwa udogo wake. Herufi moja kwenye kadi, imebandikwa ukutani sawa na macho. Nisimame mbele yake, niitazame, nitikise kichwa kama mtu anayekataa kitu. Mwanzoni herufi ilibaki wazi nilipokwenda polepole tu. Nikiongeza kasi iliteleza, hasa kichwa kilipoelekea kulia, ikaacha kivuli pembeni.

"Inaruka?" akauliza.

"Inaruka, mama."

"Sana au kidogo?"

"Kidogo."

"Basi hapohapo, mwanangu. Usipunguze."

Hapo ndipo penye siri yote. Kichwa kikienda polepole mno, macho yana njia nyingine za kuifuata herufi, kosa halionekani, na pasipo kosa ubongo hauna cha kujifunza. Ukienda kasi mno, kila kitu kinakuwa ukungu usioeleza chochote. Pale katikati, herufi inapoanza kuteleza kidogo, ule mtelezo kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, ndio taarifa inayotumiwa na serebelamu, sehemu iliyo nyuma na chini ya ubongo, kupima jicho limekosea kwa kiasi gani na kuongeza nguvu inayopungua. Kwa hiyo kila siku nilikuwa nautafuta ule mpaka wa kichefuchefu na kusimama juu yake. Herufi ilipotulia kwenye ukuta mtupu, mama yule alitundika nyuma yake kitambaa cha mirabamiraba, nikaanza upya karibu kutoka chini. Baadaye ikawa kutembea huku nageuza kichwa, kusimama juu ya mto laini, kisha juu ya mto nikiwa nimefumba macho. Hilo la mwisho nililichukia.

Mazoezi ya ukoo huu yalianzia Uingereza katika miaka ya 1940, kwa kazi ya madaktari Cawthorne na Cooksey, waliowahudumia watu waliopata majeraha ya kichwa na wengine waliopoteza sikio la ndani. Waligundua kwamba wanaochangamka na kucheza hata mpira hupona mapema kuliko wanaolazwa watulie. Kabla yao, mwanasaikolojia Mmarekani George Stratton alikuwa ameonyesha jambo linalokaribiana na hilo kwa njia yake: katika miaka ya 1890 alivaa lenzi iliyopindua kila kitu juu chini, akakaa nayo kwa siku kadhaa. Watu hukumbuka ule upinduaji. Kinachonigusa mimi ni kwamba mwanzoni, kila alipogeuza kichwa, chumba kizima kilionekana kuhama, na jinsi siku zilivyopita kikatulia. Masikio yake yalikuwa salama. Kilichobadilika ni kanuni ya kuyaoanisha na macho, na ubongo ukaandika kanuni mpya.

Yupo pia daktari mmoja aliyeandika katika jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine mwaka 1952, akitaja herufi za kwanza tu za jina lake, J.C. Dawa ya streptomisini ilikuwa imemharibia mizani ya masikio yote mawili. Ili asome kitandani alikibana kichwa kati ya vyuma viwili vya kichwani pa kitanda, kwa sababu hata mapigo ya moyo yalitosha kuzirusha herufi. Nilipoisoma habari yake niliacha kujihurumia. Mimi nilibakiwa na sikio moja.

Macho na nyayo vilichukua sehemu ya kazi, na hasara ya mpango huo huonekana usiku. Taa ikizimika nilikuwa nayumba kulia kama mlevi. Kilichonisaidia zaidi ni kugusa ukuta kwa ncha ya kidole, bila kuuegemea. Mguso mwepesi hauwezi kuubeba mwili, lakini unaupa ubongo habari ya upande unaoangukia, na habari ndiyo iliyokuwa inapungua.

Baada ya miezi kadhaa nilirudi kupimwa. Walinitia maji ya vuguvugu kisha ya baridi sikioni, kipimo kinachotokana na kazi ya daktari Robert Bárány, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914. Sikio la kushoto lilizungusha chumba mara moja. La kulia halikusema karibu kitu. Neva haikuwa imepona, ilhali mimi nilikuwa nimekwenda hapo kwa miguu yangu, nikipita katikati ya watu, bila kizunguzungu. Daktari akanishika kichwa, akakigeuza ghafla kulia huku nikimtazama puani. Aliniambia macho yangu yaliondoka pamoja na kichwa, kisha yakaruka kurudi puani pake. Mimi sikuona kuruka kokote. Pua ilikuwa pale muda wote. Ubongo hufifisha picha macho yanaporuka, kwa kila mtu, si kwangu tu. Simama mbele ya kioo, uhamishe macho kutoka jicho lako moja kwenda lingine, hutayaona yakisogea, ingawa mtu aliye kando yako anayaona waziwazi. Ubongo wangu umelijifunza pengo hilo na kuifichia humo hitilafu ya sikio.

Mpango huu una udhaifu wake. Nikipata homa, au nikikesha usiku kucha, kesho yake najikuta navutwa kulia tena na kuta zinaanza utundu. Sikimbilii dawa wala kitanda. Natoka nje natembea huku nikigeuza kichwa huku na huku, kwa kasi, na anayenishangaa ananishangaa.