Siku Moja Maishani Mwangu: Kuicheza Bahari Mjini Salvador

Saa kumi na moja na nusu alfajiri jua la Januari limekwisha kuchomoza hapa Salvador, Bahia, nchini Brazili, nami nipo Porto da Barra nikinyoosha viungo mchangani. Ufuko huu unatazama magharibi, kwa hiyo jua hutua majini. Kwangu mimi niliyekulia Bagamoyo, ambako hutoka majini, jambo hilo lilinivuruga kwa miezi, na hata leo nikiambiwa niielekee bahari wakati wa asubuhi mwili hugeuka kwanza upande wa jua.

Saa tatu mazoezi yanaanza. Tuko wacheza dansi saba na wapiga ngoma watatu, na kazi yetu itaonyeshwa wiki ya tarehe 2 Februari, siku ambayo wavuvi wa Rio Vermelho, mtaa wa hapa Salvador, hupeleka baharini maua na manukato kwa ajili ya Iemanjá, mungu-mama wa bahari. Mwalimu wetu, mama wa makamo tunayemwita Mestra, hataki kuona mikono ikipungwa kuwa mawimbi, maana hayo, asema, ni ya kuwaonyesha watalii. Wimbi laanzia nyayoni, lipite nyonga na kifua, shingo iwe ya mwisho kupata habari. Ngoma mbili ndogo, rumpi na lé, hushika mwendo, ilhali ile kubwa, rum, husemezana na mchezaji. Usipoisikiliza, umecheza peke yako hata kama hatua zote ni sahihi. Mpigaji wa rum ametoka katika nyumba ya Candomblé, dini ya hapa yenye asili ya Afrika, ya mkondo uitwao Angola, ambako ngoma hupigwa kwa viganja na huitwa ngoma, jina lilelile la Kiswahili. Siku ya kwanza nilidhani ananitania. Ndiye pia anayelinda mpaka: hatua zinazochezwa hadharani twaweza kuzichukua na kuzivunjavunja, lakini hali ya mtu aliyeshukiwa na orixá, mungu wa dini hiyo, haiigizwi jukwaani. Nakubaliana naye kabisa. Hata kwetu ngoma ya pepo haipelekwi harusini.

Saa sita na nusu ni acarajé, yaani kunde zilizosagwa zikakaangwa kwa mawese, ninazozila nimesimama.

Saa nane ni zamu yangu ya kucheza peke yangu, dakika nne. Niliitunga sehemu hiyo kwa hatua za kwenda na kurudi, kwa kuwa ndivyo bahari ilivyonifunza: kaskazi huleta majahazi, kusi huyarudisha. Mestra aliitazama hadi mwisho, kisha akanikumbusha neno kalunga, ambalo watu wa asili ya Kibantu walikuja nalo: kalunga kubwa ni bahari, kalunga ndogo ni makaburi. Watu wanaokaribia milioni 5 waliteremshwa Brazili kabla ya utumwa kukomeshwa mwaka 1888, na safari yao haikuwa na msimu wa kurudi. Nikajitetea kwamba bahari yetu ni nyingine. Akauliza, "Na wale wa Msumbiji, mwanangu?" Sikuwa na jibu, kwani nilijua kwamba katika karne ya 19 meli zilichukua watu Quelimane na Kisiwa cha Msumbiji, zikazunguka kusini mwa Afrika hadi Rio de Janeiro, na Bagamoyo yenyewe, niliyokuwa nikiisifia majahazi, ilipokea misafara ya watu waliofungwa minyororo, ambao kusi haikuwarudisha bara walikotoka.

Tukaziondoa hatua zote za kurudi. Zikabaki dakika mbili na nusu, ambazo mpigaji wa rum alizijaza kwa kunicheleweshea kila pigo, hadi uzito ukanilemea mguu wa nyuma na goti likaanza kutetemeka lenyewe. Mestra akasema mtetemeko huo ubaki.

Saa kumi na moja jioni tunajaribu mavazi; sketi yangu ni ndefu mno, itapunguzwa.

Saa tatu usiku narudia sehemu yangu chumbani bila ngoma. Zamani niliweza kuimaliza hapahapa, kwa kuwa kila hatua ilikuwa na mwenzake wa kurudi. Sasa hesabu inadai hatua kumi na moja za kwenda tu, na ya sita imenifikisha ukutani.